Pilau ya watu 100 baada ya ibada ya Jumapili: hatua kwa hatua hadi sahani ya mwisho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Karibuni tena jikoni. Leo tunapika pilau ya nyama ya ng'ombe ya watu 100, chakula cha pamoja uani kanisani baada ya ibada ya pili. Tunatumia kuni na mafiga, kwa sababu ndivyo vilivyopo kwenye sharika nyingi. Kama ninyi ni watu 50, gawanya kila kipimo mara mbili na upike sufuria moja.

Tunaanza na mpango kabla ya moto. Chakula cha kanisani hakipimwi kwa sahani ya mchungaji wala ya wageni wa meza kuu, kinapimwa kwa sahani ya mtu aliye nyuma kabisa kwenye foleni. Wakorintho waliandikiwa na Mtume Paulo juu ya jambo hilihili, waraka wa kwanza, sura ya 11: walikutana kula, wengine wakawatangulia wenzao, huyu akabaki na njaa na yule amelewa. Akawaagiza wangojane. Kwa hiyo kila kipimo utakachokisikia kwenye video hii kinamlenga huyo wa mwisho.

Mahitaji haya hapa. Mchele kilo 12. Nyama kilo 10 isiyo na mifupa mingi. Ikiwa ni ya mchanganyiko, nunua kilo 13. Viazi mviringo kilo 6, vitunguu maji vya kukaanga kilo 3, vitunguu saumu nusu kilo, tangawizi nusu kilo, mafuta ya kula lita 1 na nusu. Viungo: binzari nyembamba gramu 120, pilipili manga gramu 40, mdalasini gramu 40, iliki gramu 30, karafuu gramu 15. Karafuu usiongeze hata kidogo, ikizidi inatawala sufuria nzima na kuacha uchungu ulimini. Chumvi robo tatu ya kilo iwe karibu, haitaisha yote. Ya kachumbari: nyanya kilo 6, vitunguu kilo 3, matango 6, ndimu 20, pilipili kali chache za kuweka pembeni. Matikiti maji 5 ya kilo tano tano, kila moja vipande 20.

Mchele uwe wa zamani kidogo. Supa ya Kyela inanukia vizuri, lakini ikiwa imetoka shambani msimu huu huu inahitaji maji pungufu, la sivyo utapata bokoboko. Muulize muuzaji ni wa lini. Epuka mchele wenye chenga nyingi; chenga huiva mapema, huvunjika, na hugandisha punje nzima.

Nyama msiinunue Jumamosi kama hakuna friji kanisani. Mtu mmoja aende buchani Jumapili saa 12 asubuhi, na oda iwe imewekwa buchani tangu Ijumaa. Ikatwe vipande vya gramu 50 hivi, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti kilichonona. Kilo 10 zitatoa vipande kama 200, kila mtu viwili. Vihesabu wakati wa kuosha, andika idadi.

Sasa zamu, ili mpishi asikose ibada. Kundi la kwanza linawasha moto saa 2 asubuhi, linachemsha nyama, halafu saa 4 linaingia ibada ya pili. Kundi la pili linasali ibada ya kwanza ya saa 1, likitoka linashika jiko saa 3 na nusu. Ile nusu saa wanayokuwa pamoja ni ya kukabidhiana: nyama imefikia wapi, chumvi imeingia kiasi gani. Makundi yasipokabidhiana, chumvi hutiwa mara mbili, na pilau yenye chumvi nyingi haina dawa.

Tuanze kupika. Saa 2 na nusu, weka nyama yote kwenye sufuria kubwa, maji lita 15, nusu ya tangawizi iliyotwangwa, na chumvi gramu 150. Ikichemka engua povu la juu, punguza kuni, funika. Saa moja na nusu inatosha kwa nyama ya kawaida. Ijaribu kwa uma: uingie bila nguvu, lakini kipande kisichanike, maana bado kitakaangwa. Toa nyama weka pembeni na ufunike. Pima supu yako kwa jagi. Zitakuwa zimebaki lita 12 hivi. Ongeza maji ya moto zifike 18. Hizi lita 18 ndizo maji pekee yatakayoivisha mchele, lita 9 kila sufuria.

Tunatumia sufuria mbili za lita 40, kila moja kilo 6 za mchele. Wapo wanaopenda kupika kilo zote 12 kwenye sufuria moja kubwa. Hatushauri. Mchele ukiwa na kina hicho, wa chini unaungua wakati wa katikati bado una kiini, na hakuna mwiko utakaougeuza bila kuuvunja. Tena sufuria mbili zinakupa akiba: moja ikiharibika, watu 50 wana chakula na wengine watagawiwa.

Saa 4 na nusu, bandika sufuria zote mbili. Kila moja mafuta robo tatu ya lita, yakipata moto tia kilo moja na nusu ya vitunguu vilivyokatwa vyembamba na kwa usawa. Sogea hapa utazame, kwa sababu rangi yote ya pilau inatoka kwenye hatua hii. Dakika 10 za kwanza vitunguu vinatoa maji, vinanywea, unaona mvuke tu. Usiongeze kuni kwa kukosa subira. Kisha mvuke unapungua, mlio unabadilika, badala ya kutokota unasikia chembechembe zikipasuka kwenye mafuta, na kingo zinaanza kuwa njano. Kuanzia hapo mkono usiondoke kwenye mwiko. Vikifika rangi ya asali, vuta kuni mbili nje sasa hivi, usisubiri, maana sufuria nene inaendelea kukaanga hata moto ukipungua. Unataka rangi ya kahawia iliyoiva. Vikiwa vyeusi, vimwage uanze upya. Uchungu wake haufichwi na viungo. Vikiwa vyeupe, utapata wali wa mafuta wenye harufu ya binzari. Hesabu dakika 25 hadi 30 kwa kiasi hiki.

Tia vitunguu saumu na tangawizi iliyobaki, geuza dakika 2, kisha viungo vilivyosagwa. Viungo vya unga vinaungua haraka, kwa hiyo kijiko kikubwa cha supu kiwe tayari mkononi. Ukiona vinashika chini, nyunyiza. Dakika moja tu, harufu ikipanda, tia nyama na viazi. Geuza dakika 10 mpaka nyama ishike rangi.

Hapa tunafanya jambo ambalo nyumbani hamlifanyi. Toa nyama yote, iweke kwenye sufuria ndogo yenye supu kidogo, funika na uiache kando ya moto iendelee kufuka. Ladha yake imeshaingia kwenye supu na kwenye vitunguu. Nyama ikibaki ndani ya wali, anayepakua hajui ameshatoa vipande vingapi: sahani ya kwanza inapata vinne, ya 90 inapata mchuzi. Ikiwa pembeni, inagawiwa kwa kuhesabu.

Mimina supu lita 9 kila sufuria, ichemke. Onja. Iwe na chumvi kidogo kuliko ile ungependa kuinywa kama supu, maana mchele utaimeza. Kwa kawaida itahitaji gramu 80 hadi 100 zaidi kila sufuria. Tia kwa awamu mbili.

Mchele umechaguliwa, umeoshwa mara tatu, umelowekwa dakika 20 na kuchujwa. Wa msimu huu, punguza supu hadi lita 8. Unaingia saa ngapi? Tuma kijana mmoja akae mlangoni mwa kanisa: mahubiri yakianza, arudi jikoni, na mchele unaingia. Toka hapo hadi sadaka, matangazo na mnada wa mazao viishe, mara nyingi ni zaidi ya saa nzima, na pilau inahitaji saa moja.

Geuza mara moja, funika, moto mkali. Baada ya dakika 12 hadi 15 supu itakuwa imeshuka na utaona vishimo vidogo juu ya wali. Geuza kutoka chini kwenda juu, mara moja tu, taratibu. Sawazisha, funika kwa majani ya mgomba yaliyooshwa au karatasi ya foili, kisha mfuniko. Ondoa kuni zote chini, bakiza makaa machache, mengine palia juu ya mfuniko. Dakika 30 bila kufunua.

Ukifunua ukakuta kiini, nyunyiza maji ya moto nusu lita, palia tena dakika 10. Ukikuta umelowa, ondoa makaa ya chini, bakiza ya juu, fungua upenyo mdogo wa mvuke, na usigeuze. Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge wala usikwangue: hamisha wali wa juu kwenye sufuria nyingine, ukoko uache ulipo. Ukikwangua, harufu inaenea kote.

Kachumbari ikatwe wakati pilau imepaliwa. Vitunguu vifikichwe kwa chumvi na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Nyanya zioshwe kabla ya kukatwa, na ubao wa nyanya usiwe ule uliokatiwa nyama mbichi. Ndimu na chumvi vitiwe watu wakiwa wanatoka, mapema vinatoa maji na kachumbari inalegea.

Kugawa. Meza ndefu moja, watu wapite pande zote mbili. Mwanzoni ndoo mbili zenye bomba na sabuni, kisha sahani, wali, nyama, kachumbari, tikiti, maji ya kunywa; andaa lita 60. Kwa mpangilio huu watu 100 wanahudumiwa kwa dakika 15 hadi 20. Baada ya sala ya chakula watangulie wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na wagonjwa, na watoto wa shule ya Jumapili wapite na mwalimu wao. Wageni waliosimama leo kujitambulisha wasiachwe wakitafuta pa kukaa. Kila mgeni apewe mwenyeji wa kula naye. Wanaotumikia meza wanakula mwisho, ila sahani zao na ya mlinzi zifunikwe kabla ya foleni kuanza.

Kipimo cha wali ni kibakuli cha nusu lita, kikiwa sawasawa, bila kilima. Mtoto nusu. Nyama vipande viwili, na mwenye kugawa nyama awe mtu asiyeona haya kumwambia mzee wa kanisa kwamba ni viwili. Sahani 10 za kwanza zikishatoka, tazama sufuria: iwe imepungua sehemu moja ya tano. Imepungua zaidi? Punguza kipimo hapo hapo. Ukingoja sahani ya 80 huna tena cha kupunguza. Anayetaka kuongezewa arudi foleni yote ikishapita. Kwa wasiokula nyama, wakiwemo wanaofunga nyama wakati wa Kwaresima, andaeni kilo 2 za maharage na wali mweupe kwenye sufuria ya peke yake, na watangaziwe, wasibaki wanauliza.

Kilichobaki kigawiwe ndani ya saa moja, kikiwa bado cha moto, pamoja na sehemu za wagonjwa walio nyumbani. Watu waje na vyombo vyenye mfuniko. Wali ukikaa vuguvugu zaidi ya saa 2, bakteria aitwaye Bacillus cereus huzaana, na sumu yake haiondoki hata ukiupasha moto upya. Uliokaa hivyo umwagwe, hata kama roho inauma.

Tia maji ya moto kwenye sufuria zenye ukoko, zima makaa yote kwa maji, si kwa mchanga peke yake, maana watoto huchezea pale. Halafu katibu wa akina mama aandike kwenye daftari la jiko: watu wangapi wamekula, mchele umebaki kilo ngapi, chumvi iliyoingia, na nyama imeishia sahani ya ngapi. Daftari likae pamoja na ufunguo wa stoo, kundi la Jumapili ijayo lianzie hapo.