Mtoto wa Mbwa Anapoanza Tena Kukojoa Ndani

KAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunazungumza na yule aliyemfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia nje, akakaa majuma 3 bila kuona hata tone la mkojo sakafuni, kisha asubuhi moja akakanyaga dimbwi katikati ya sebule. Dada, nianze na wewe, kwa sababu najua jambo hili lilikufika.

DADA: Lilinifika, kaka, na nililipokea vibaya. Mbwa wangu alikuwa na umri wa miezi 4. Nilipoukuta mkojo nyuma ya kiti nilimpeleka hadi pale, nikamkaripia kwa sauti kubwa, naye akajikunyata na kulaza masikio, nami nikaamini kwamba ametambua kosa lake. Siku mbili baadaye nilikuta haja kubwa chini ya kitanda, mahali ambapo hakuwahi kuingia. Alichojifunza ni kwamba kujisaidia mbele yangu kunaleta balaa, kwa hiyo akatafuta maficho. Hata nje alianza kujizuia nikiwa karibu: tulizunguka dakika 20 bila chochote, na mara tu tuliporudi ndani aliponyoka na kukojoa kwenye kona.

KAKA: Huko kujikunyata ndiko kunakowadanganya wengi. Mbwa hulaza masikio na kugeuza uso kwa sababu anaisoma hasira yetu ya wakati huo, wala hawezi kuihusisha na jambo alilolifanya saa nzima iliyopita. Zawadi au adhabu huungana na tendo akilini mwake ikiwa tu imefuata ndani ya sekunde chache. Ukiukuta mkojo tayari umeshakauka, hakuna somo lililobaki hapo isipokuwa somo lako wewe mwenyewe, yaani kujiuliza ni kwa nini umetokea.

DADA: Na swali la kwanza la kujiuliza ni la afya, hasa pale mabadiliko yanapokuja ghafla. Mtoto wa mbwa anayekojoa kidogo kidogo mara nyingi, anayejikamua, anayejiramba sana, au ambaye mkojo wake una damu, anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na maambukizi hayo huwapata zaidi mbwa jike. Kuharisha nako kunaweza kutokana na minyoo au na mabadiliko ya ghafla ya chakula. Hakuna mafunzo yanayoweza kutibu kibofu kinachouma. Daktari wa mifugo akipima mkojo mapema, mnyama anaepushwa na maumivu, na mwenye nyumba anaepushwa na majuma ya kupambana na kosa lisilokuwepo.

KAKA: Na daktari akisema mnyama ni mzima?

DADA: Basi tuuangalie uhuru tuliompa. Hapa ndipo nitakapokazia, kaka, kwa sababu naamini hiki ndicho chanzo cha marudio mengi. Majuma 3 ya sakafu kavu hutufanya tuamini kwamba mbwa ameelewa, ilhali mara nyingi ni sisi tuliokuwa makini: tulimtoa kila alipoamka, kila alipokula, kila alipomaliza kucheza. Tukishapumua tunamfungulia vyumba vyote, tunachelewa kumtoa, tunaacha kumtazama anaponusa akizunguka mahali pamoja. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba, mchana, mtoto wa mbwa huweza kujizuia takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Kwa hiyo wa miezi 3 aliyeachwa peke yake saa 6 hakukosea. Aliombwa kitu ambacho mwili wake haukiwezi. Wale wa aina ndogo huhitaji subira zaidi, kwa kuwa vibofu vyao ni vidogo.

KAKA: Kuna pia harufu, ambayo sisi hatuisikii. Sakafu iliyopigwa deki ikang'aa bado inaweza kumwambia mbwa kwamba hapa ndipo chooni. Zulia ndilo gumu zaidi, maana mkojo hupenya hadi chini. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepukwe kabisa, kwa sababu amonia imo pia katika harufu ya mkojo. Inayofaa ni ile yenye vimeng'enya vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, nayo iachwe ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kufutwa. Wengi huipangusa papo hapo, kisha wakailaumu dawa.

DADA: Niongeze jambo moja ambalo huchanganywa na haya yote. Mbwa anayekojoa pale unapomwinamia kumsalimu, au mgeni anapoingia, hajasahau mafunzo. Huo ni mkojo wa woga au wa furaha iliyopita kiasi, unaotoka bila yeye kukusudia, na kumkaripia kunauzidisha. Msalimu ukiwa umechuchumaa ubavuni pake, bila kumkazia macho, na kama inawezekana salamu zifanyike nje. Wengi huacha wenyewe wanapokua.

KAKA: Na yule wa miezi 7 au 8 anayeinua mguu kwenye pembe za viti huenda anaweka alama tu, kwa kuwa amebalehe. Huyo naye arudishwe chini ya uangalizi, na suala la kuhasiwa lijadiliwe na daktari. Sasa, dada, tueleze ulivyoanza upya.

DADA: Nilirudi kwenye utaratibu wa juma la kwanza, kana kwamba ameletwa nyumbani jana. Nilimtoa kila baada ya saa 2 mchana, na kila baada ya kulala, kula na kucheza. Ndani alikuwa amefungwa kamba nyepesi iliyoshikamana na kiuno changu, au alikuwa kizimbani, katika kizimba kinachomtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, kisicho kikubwa kiasi cha kumruhusu alale upande mmoja na kukojoa upande mwingine. Maji sikumnyima. Niliandika kwenye daftari saa ya kila haja na mahali ilipotokea, na daftari hilo lilinionyesha kitu ambacho sikukitarajia: karibu kila ajali ilitokea jioni, wakati nilipokuwa nikipika na hakuna aliyekuwa akimtazama.

KAKA: Na ule woga wake wa kujisaidia mbele yako?

DADA: Huo ndio uliochukua muda mrefu zaidi, na ndio ulioniumiza. Nilitumia kamba ndefu ili aweze kwenda mbali nami, nikasimama nimempa mgongo nusu, kimya, nikiwa na kipande cha nyama mkononi. Alipomaliza tu nilimpa pale pale, sikungoja turudi mlangoni, kwa sababu zawadi ya mlangoni ingemfundisha kurudi haraka badala ya kujisaidia. Siku za mwanzo alikuwa akinitazama kwanza, kisha anajificha nyuma ya kichaka. Siku ya 11 alichuchumaa hatua mbili kutoka miguuni pangu, akakojoa hadi akamaliza, wala hakugeuka kuniangalia.