Kuupima Uzito wa Kiharusi Kabla ya Hospitali

Mhadhara kwa wahudumu wa ambalansi, madereva wa malori na waendesha boda boda, Busia, upande wa Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, ndugu madereva, habari za asubuhi. Nitaongea Kiswahili kwa sababu hapa mpakani ndicho kinachotukutanisha. Pale nje nimeona namba za magari za nchi nne.

Dalili za kiharusi wengi wenu mnazijua: uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa. Hizo tatu ndizo kipimo cha Cincinnati, kilichobuniwa Marekani miaka ya 1990. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu, kwamba huenda hiki ni kiharusi. Hakisemi ni kizito kiasi gani, na uzito ndio ulionileta hapa.

Bonge la damu likiziba mshipa mdogo, sehemu ndogo ya ubongo hukosa damu. Likiziba mshipa mkubwa, karibu upande mzima hufa njaa. Daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria mwaka 2006 kwamba katika kiharusi cha namna hiyo chembe za neva milioni 1.9 hupotea kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, mara nyingi hushindwa na bonge kubwa. Hapo hupitishwa mrija mwembamba ndani ya mshipa, bonge likavutwa nje. Tafiti za 2015 zilithibitisha kwamba njia hiyo inafaa. Ndiyo maana wahudumu wa barabarani walianza kutafuta namna ya kumtambua mgonjwa wa mshipa mkubwa kwa macho na mikono yao tu.

Kipimo kimoja chepesi ni cha Los Angeles. Uso ukipinda, alama 1. Mwambie anyooshe mikono yote miwili: mmoja ukishuka polepole, 1, ukianguka papo hapo, 2. Mpe vidole vyako avibane: akibana kwa unyonge, 1, asipobana kabisa, 2. Jumla ni 5. Akifikisha 4, shuku mshipa mkubwa.

Kipimo cha RACE kilitoka Catalonia, Hispania, mwaka 2014, na hicho ndicho ninachokipenda mimi. Kina alama 9, na kuanzia 5 unashuku mshipa mkubwa. Kinaongeza mguu, kisha kinakwenda mahali ambapo wengi hatuangalii: macho. Mgonjwa akiwa ameganda anatazama upande mmoja, ukimwita upande wa pili macho hayaji, hiyo ni dalili nzito. Halafu, kama amepooza kulia, mwambie afumbe macho, akunje ngumi, uone kama anaelewa. Kama amepooza kushoto, unyanyue mkono wake uliolegea umuulize, "Huu mkono wa nani?" Kuna atakayekujibu kwamba ni wako wewe. Ndugu zake wakisikia hivyo husema mzee amepandwa na majini. Siwacheki, maana jibu hilo linatisha kweli. Lakini ni ubongo wa kulia, unaoongoza upande wa kushoto, uliokosa damu, na mhudumu anaandika alama yake.

Hapa Busia kuna mtego. Ukimpima usemi kwa lugha asiyoijua vizuri, utampa alama asizostahili. Mimi hutumia "haraka haraka haina baraka", kwa kuwa kila mtu anaijua, ingawa kwa ugonjwa huu ni ushauri mbaya kabisa. Lakini dereva aliyetoka Kigali au Bunia mwulize kwa lugha yake, au mwulize utingo wake: ndivyo anavyoongea siku zote?

Kabla ya alama zote hizo, toboa kidole upime sukari. Sukari ikishuka sana huiga kiharusi vizuri mno, kupooza upande mmoja kukiwemo. Kifafa nacho huiga.

Sasa, Ulaya na Marekani alama hizi hutumika kuchagua hospitali: ya karibu, au ile ya mbali yenye mrija? Hata huko jibu si rahisi. Utafiti mkubwa wa Catalonia uliochapishwa 2022 haukuona tofauti baada ya siku 90 kati ya waliopelekwa moja kwa moja mbali na waliopitia hospitali ya karibu. Sisi tuna Kampala karibu kilomita 200, kupitia Bugiri, Iganga na Jinja, na tuna Mbale kwa njia ya Tororo. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya alama hapa kwetu ni simu unayopiga kabla ya kuwasha gari. Usiulize "mna nafasi?" Sema: mwanamume, miaka kama 60, mara ya mwisho alionekana mzima saa 1 asubuhi, kushoto hakufanyi kazi, RACE 7, sukari ya kawaida, mashine yenu ya CT inafanya kazi leo? CT ni ile mashine ya kupiga picha ya ubongo. Atakayepokea atakujibu tofauti kabisa.

Na upime tena njiani. Alama zikipanda kutoka 3 hadi 7 kati ya Busia na Iganga, hali inabadilika na hospitali ijue. Zikishuka, andika vilevile.

Alama haitenganishi bonge na damu iliyovuja, na kuvuja ni kwingi Afrika kuliko Ulaya, kwa sababu ya presha isiyotibiwa. Picha ya CT ndiyo inayotenganisha. Kwa hiyo aspirini hapana, dawa ya presha ya jirani hapana, chai hapana, kwa kuwa koo nalo huenda limepooza. Na mwenye kizunguzungu cha ghafla asiyeweza kusimama anaweza kupata sifuri na bado awe na kiharusi cha nyuma ya ubongo.

Kuna mzee ameuliza kama mgonjwa anaweza kubebwa kwa boda boda. Mzee wangu, aliyepooza hawezi kujishika, na kumbana katikati ya watu wawili kunaweza kumziba pumzi. Tafuta gari lolote, hata probox, mlaze kwa ubavu. Mwenye boda boda atangulie na karatasi yenye ile saa aliyoonekana mzima, na namba ya simu ya aliyemwona.