Neoni Arusha, kardinali Moshi

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo ni samaki wa mapambo, tena wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka: tetra. Kaka Eli, Moshi mnasemaje?

ELIBARIKI: Tunawapa pole, dada. Mnafuga samaki wa nchi za joto kwenye jiji la baridi kama hilo lenu la Arusha.

REHEMA: Ameanza huyu. Haya, watambulishe.

ELIBARIKI: Neoni ana sentimita tatu, akizidi sana nne. Kwao ni Amazon: Peru, Kolombia, Brazili. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1936. Ndugu yake, kardinali, alipewa lake mwaka 1956, na yeye ni wa mito ya Rio Negro na Orinoco. Kuwatofautisha, angalia wekundu. Neoni, unaanzia katikati ya mwili kwenda mkiani. Kardinali, umejaa kutoka mbele mpaka nyuma.

REHEMA: Halafu mtu anaingia dukani: "Nipe wawili, dume na jike."

ELIBARIKI: Wawili! Watajibanza nyuma ya filta, lile chujio la maji, rangi imefifia, chakula hawagusi. Tetra kinga yake ni wingi. Adui akiona mistari kumi inapishana, hajui amkamate yupi. Sita ndiyo chini kabisa. Mimi naanzia kumi.

REHEMA: Kwa hiyo tanki nalo liwe la kundi. Hapa mafundi vioo wanatengeneza vizuri tu, mradi gundi ya silikoni iwe ya akwariamu, isiyo na dawa ya kuua ukungu. Sentimita 60 kwa 30, kimo 35. Hizo ni lita 63 ukijaza mpaka ukingoni, yaani kilo 63 za maji peke yake, bado kioo na kokoto. Usiweke juu ya kile kistuli cha televisheni.

ELIBARIKI: Sasa tuje kwenye maji, maana ndiyo yanayoua samaki wa watu.

REHEMA: Arusha ukitaja maji, mtu anakuonyesha meno yenye madoa. Floraidi.

ELIBARIKI: Floraidi leo siigombezi. Nagombeza kinachokuja nayo. Maji yakipita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yanabeba bikaboneti ya sodiamu, jamii ya magadi. Kuna visima ambavyo pH yake, yaani kipimo cha tindikali, inapita 8. Tetra porini anaishi kwenye maji yenye tindikali, chini ya 7. Kule Rio Negro hushuka hata chini ya 5.

REHEMA: Na yanadanganya, maana ukifulia yanatoa povu zuri. Unasema haya ni laini, samaki watafurahi.

ELIBARIKI: Povu linakuambia chokaa ni kidogo, basi. Habari ya magadi halikuambii. Nunua vipimo, pima maji ya bomba lako mwenyewe, usisikilize ya jirani wa mtaa wa tatu. Na sisi Moshi tusijisifu, mlima wetu nao ni volkano. Tupime.

REHEMA: Nimepima, imekuja 8. Nifanyeje? Maana dukani watanipa kichupa cha kushusha pH.

ELIBARIKI: Kirudishe. Kwenye maji yenye bikaboneti nyingi kinaishusha leo, kesho imepanda tena, na kupandishwa na kushushwa huko ndiko kunakomchosha samaki. Kinga maji ya mvua. Masika ikianza, acha mvua za mwanzo zisafishe bati na mifereji, kisha jaza simtanki. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba, pima tena. Mvua tupu usiweke: haina kitu cha kuishikilia pH, siku moja inaporomoka.

REHEMA: Maji ya bomba unayalaza usiku kucha kwenye ndoo wazi, klorini itoke.

ELIBARIKI: Naam. Na tanki likae na maji, filta ikizunguka, wiki nne mpaka sita kabla ya samaki. Bakteria wanajijenga kwenye sponji ya filta: hawa wanageuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti, wale nitriti kuwa nitrati. Watilie amonia kidogo au chembe za chakula, maana bila chakula hawaji. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, nenda dukani. Tena kadiri pH ilivyo juu, ndivyo amonia inavyokuwa sumu kali. Kiasi kilekile ambacho samaki angekivumilia kwenye pH 6.5, kwenye 8 kinamuua.

REHEMA: Ngoja, hapo hapo. Mtu kaagiza samaki Dar, wamesafiri kwa basi muda wa saa kumi na zaidi ndani ya mfuko wa oksijeni. Wanafika wanaogelea vizuri, baada ya nusu saa wamekufa. Anasema muuzaji kanitapeli.

ELIBARIKI: Muuzaji hana kosa. Njia nzima samaki wanakojoa na kupumua mle mfukoni. Amonia imejaa, lakini hewa chafu wanayoitoa imeyatia maji tindikali, kwa hiyo amonia imelala. Unafungua mfuko: hewa ile inatoka, pH inapanda, amonia inaamka. Halafu unawamiminia maji yako ya 8 kidogo kidogo, unajiona mpole!

REHEMA: Kumbe upole ndio unaoua.

ELIBARIKI: Elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 15 au 20, joto lilingane. Ukifungua, wachote kwa wavu, watie tanki moja kwa moja, maji ya mfuko mwaga. Ndiyo maana maji ya tanki uliyaandaa mapema.

REHEMA: Baridi sasa. Juni na Julai huku usiku unashuka mpaka nyuzi 12.

ELIBARIKI: Neoni anataka 20 mpaka 26, kardinali anapenda 24 na kuendelea. Ndiyo maana nasema Arusha fugeni neoni, kardinali mtuachie Moshi. Hita mnahitaji, hata sisi Julai tunaiwasha.

REHEMA: Umeme ukikatika?

ELIBARIKI: Funika tanki kwa blanketi, joto litashuka polepole. Hewa ndiyo haisubiri, hao bakteria wa sponji wanakufa wakikosa oksijeni. Pampu ndogo ya betri iwe karibu.

REHEMA: Chakula, mimi natumia viluwiluwi vya mbu. Ndoo uani, siku chache wamejaa. Unachuja kwa chujio la chai, unasuuza. Neoni wanavyowakimbilia!

ELIBARIKI: Na majirani wanasemaje kuhusu ufugaji wako wa mbu?

REHEMA: Ndoo navuna kila asubuhi na kuifunika wavu. Ukichelewa siku moja unawafugia mtaa mzima, hilo nakubali.

ELIBARIKI: Usipitishe kiasi watakachomaliza kwa dakika mbili.

REHEMA: Swali la msikilizaji wa Sakina: neoni wake wanaweza kukaa na enjelifishi? Wote si wa Amazon?

ELIBARIKI: Wa Amazon wote, na huko huko enjelifishi anawala neoni. Akiwa mdogo watacheza pamoja, akikua neoni wanapungua mmoja mmoja, na asubuhi hutaona hata mfupa.