Ruzuku ya Vifaa na Majengo: Nani Atalipa Baada ya Uzinduzi?

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi vya ngoma, taarabu na maigizo, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie ruzuku za kununulia vifaa na kujengea kumbi, na hoja yangu ni moja: andiko la mradi linaloomba vyombo au jengo bila kuomba fedha za matunzo na uendeshaji, afadhali lisipelekwe kwa mfadhili. Najua kauli hii haitawafurahisha waliokuja kujifunza namna ya kujaza fomu, kwa hiyo nitaanza na mfano wa mbali, kutoka nchi ambako fedha hazikuwa haba.

Bahati nasibu ya taifa ya Uingereza ilianza Novemba 1994, na sehemu ya mapato yake ikatengwa kwa ajili ya sanaa. Katika miaka ya mwanzo masharti yalizielekeza fedha hizo kwenye majengo na vifaa, huku gharama za uendeshaji zikiachwa nje kwa sehemu kubwa. Huko West Bromwich, mji wa viwanda karibu na Birmingham, kulikuwa na kikundi cha sanaa za jamii kiitwacho Jubilee Arts, kilichoanza mwaka 1974 na kufanya kazi kwa miaka mingi na wakazi wa mitaa ya hapo. Kikundi hicho kikatamani makao makubwa. Msanifu Will Alsop akachora jengo jeusi lenye madirisha ya rangi ya waridi, likaitwa The Public. Gharama zilipita pauni milioni 60. Mwaka 2006, ujenzi ukiwa haujakamilika, kampuni iliyousimamia ikafilisika. Milango ikafunguliwa mwaka 2008, na Novemba 2013 ikafungwa, halmashauri ya Sandwell iliposhindwa kuendelea kubeba gharama za kuliendesha. Leo wanasoma humo wanafunzi wa sekondari ya juu. Kituo cha muziki kilichojengwa Sheffield, mji mwingine wa Uingereza, kwa pauni milioni 15 kilitarajia wageni laki 4 kwa mwaka, lakini katika miezi saba ya kwanza walifika kama 104,000 tu. Kilifunguliwa Machi 1999 na kufungwa Juni 2000.

Wapo wanaoulaumu usanifu wa kifahari, na sitawapinga sana. Hata hivyo naona kosa lilianzia kwenye utaratibu wenyewe wa ruzuku, uliotoa fedha nyingi za kujengea na kuacha bili za kila mwezi zitegemee makadirio ya viingilio.

Kwetu, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilifunguliwa Zanzibar mwaka 2002, kikafundisha udi na kanuni, vyombo vya nyuzi vya taarabu, pamoja na ngoma, katika jengo la forodha ya zamani, Mji Mkongwe. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafungwa kwa sababu fedha za wahisani zilikuwa zimekauka. Vyombo vilikuwapo na vyumba vilikuwapo, lakini mishahara ya walimu haikuwa na chanzo cha uhakika.

Vyombo vyenyewe navyo vina madai yake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na kipande cha ngozi ambacho unyevu wa pwani hukilegeza. Mbao huvimba, kutu hula maungio ya mashine za kuchanganyia sauti, na umeme unaopanda na kushuka huunguza amplifaya zilizokuja na kadi ya pongezi kutoka ubalozini. Bajeti inayotaja bei ya dukani peke yake imeacha nje usafirishaji, ushuru wa bandarini, kidhibiti umeme, vipuri, bima na mafunzo ya fundi wa hapo hapo. Binafsi hutenga shilingi mbili za matunzo kwa kila shilingi kumi za ununuzi, na bado nahisi ni kidogo.

Kuhusu majengo, tatizo letu kubwa ni haki ya kukaa. Kikundi hupata ruzuku, hukarabati nyumba ya mtu au ya halmashauri, kisha mwenye nyumba akiona ilivyopendeza hupandisha kodi. Pateni mkataba wa pango wa maandishi, wa miaka isiyopungua kumi, kabla ya kununua hata ndoo moja ya rangi. Penye ardhi isiyo na uhakika, yafikirieni makontena, kama yale yaliyogeuzwa studio za wasanii pale Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichopo Mikocheni, Dar es Salaam, kwa kuwa kontena huweza kubebwa likahamishiwa kwingine.

Mfadhili akijibu kwamba sera yake hairuhusu kipengele cha matunzo, msikifute mara moja. Mwombeni akubali mkataba wa huduma wa miaka mitatu uingizwe katika ankara ya muuzaji, kwa sababu hapo matunzo huwa sehemu ya bei ya kifaa. Akikataa hata hilo, ombeni spika mbili badala ya sita, na muulizeni kama fedha zitakazobaki zinaweza kulipia vipuri.