Uzi Kuingia Si Tundu Kutosha

Mabibi na mabwana, breki mbili za mtutu zilizo hapa mezani, yaani vifaa vya mdomoni vinavyopunguza mrudio wa bunduki, ukizitazama kwa mbali, ni mapacha. Moja ni ya bunduki ya AK-74M, nyingine ya AK-103. Zote zina uzi wa skrubu wa kulia, kipenyo milimita 24, hatua 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Ile ya AK-74M itaingia kwenye AK-103 bila ubishi wowote, na pini yenye springi itafyatuka na kuifunga mahali pake. Halafu risasi ya kwanza itaigonga.

Sababu ni tundu. Risasi ya AK-74M ina kipenyo cha takriban milimita 5.6, na tundu la mbele limetobolewa kwa ajili yake. AK-103 hutumia risasi za aina ya 7.62 × 39, na risasi yenyewe ni kama milimita 7.9. Msishangae namba hizo kutolingana: 7.62 ni kipenyo cha ndani ya mtutu kabla ya kuchongwa mifuo, ile mifereji inayoizungusha risasi.

Sasa bunduki ya AKM. Hapo hata uzi unakataa. Uzi wake uko kwenye mtutu wenyewe, milimita 14 kwa hatua 1, tena wa kushoto. Ukiitazama bunduki kutoka mbele, unafungua kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Fundi aliyezoea nati za kawaida hukaza huku akidhani anafungua, na kuharibu uzi. Uzi wa AK-74 hauko kwenye mtutu, uko kwenye kitako cha kilengeo cha mbele, kile kipande kilichopachikwa juu ya mtutu kubeba kilengeo. Zipo adapta za kutoka 14 kwenda 24, na breki ya AK-103 inaweza kufungwa hivyo kwenye AKM, ila ile pini huwa haifikii tena pengo lake. Bila njia nyingine ya kufunga, breki itajilegeza kadiri mnavyopiga.

Kazi yenyewe inaanza kwa kutoa magazini, kutazama kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, na kutoa bolti, kipande kinachoifunga chemba. Pima uzi kwa vernia na geji ya hatua, si kwa kujaribisha. Pima pia tundu. Kisha ingiza kwenye mdomo wa mtutu ufito ulionyooka, uliochongwa kwa kipenyo cha mtutu huo, upite ndani ya breki, na utazame unapotokea. Nafasi iwe sawa pande zote.

Hapa ndipo pa kukaa. Tuseme tundu ni milimita 9 na risasi 7.9: kila upande umebakiwa na 0.55. Kwa breki ya urefu wa milimita 80, mwinamo usiofika hata nusu digrii unaimaliza nafasi hiyo. Na kitako cha kilengeo kikiwa kimepachikwa kombo, breki inafuata kitako, haifuati mtutu. Adapta huongeza kosa lake juu ya hilo. Ufito ukielemea upande mmoja, usipanue tundu kwa kuchimba, tafuta kilichopinda.

Kipo pia kisa cha kinyume. AKS-74U, ile fupi, nayo ina uzi wa 24 kwa 1.5 na risasi ileile ya AK-74, inayoitwa 5.45, kwa hiyo breki ya AK-74 inaingia na risasi inapita salama. Lakini kile kikombe cha mbele ya AKS-74U si breki. Mtutu una milimita 206 hivi, gesi inatoka mapema mno, na kikombe ndicho kinachoizuia kidogo ili msukumo utoshe kurudisha bolti. Ukikitoa, maganda yanaweza kukwama au bunduki ikashindwa kuchukua risasi inayofuata, na fundi akaanza kubadilisha springi zisizo na kosa lolote. Mkiletewa AKS-74U yenye malalamiko hayo, anzeni kutazama mdomoni.