Wallop: Ukuta, Chemchemi au Vita?

Mabibi na mabwana, twendeni Hampshire, Uingereza, kwenye vijiji vitatu vya bonde moja: Over Wallop, Middle Wallop na Nether Wallop. Swali letu: jina Wallop asili yake ni nini? Kitenzi wallop cha Kiingereza cha leo, kile cha kumcharaza mtu, kimetoka Kifaransa wala hakihusiki. Tukiache.

Jina huchunguzwa kuanzia maandishi yake ya zamani, si kibao cha barabarani. Kitabu cha Domesday, daftari la ardhi na mali za Uingereza la mwaka 1086, kimeandika Wallope. Likate vipande viwili. Cha pili ni hop, neno la Kiingereza cha kale, bonde lililofungika, kama katika majina ya miji ya Glossop na Worksop. Ugomvi uko kwenye cha kwanza.

Wengi hupenda “bonde la chemchemi”, na kijito kweli kipo, kinateremka hadi mto Test. Lakini sikilizeni irabu, ile a ya Wall-! Hampshire ilikuwa nchi ya Wasaksoni wa Magharibi, wasemaji wa lahaja ya kusini ya Kiingereza cha kale, nao chemchemi waliiita wielle. Wælle, yenye irabu iliyo karibu na a, ni neno hilohilo katika lahaja ya Mercia, ufalme wa kale huko kaskazini. Irabu hiyo imefikaje kusini? Neno weall, yaani ukuta au tuta, halina tatizo hilo, na matuta ya ngome ya Danebury, ya Enzi ya Chuma, yako karibu na Nether Wallop. Mtasema tuta liko kilimani na kijiji kiko bondeni. Pingamizi hilo nalikubali. Ndiyo maana nasema “huenda”.

Halafu huja mwingine na Historia Brittonum, maandishi ya Kilatini ya karne ya 9 yanayotaja vita kati ya watu wawili wa kale, Ambrosius na Guitolinus, mahali paitwapo Guoloph. Basi, asema, jina ni la Wabritoni, wenyeji wa kale wa kisiwa hicho, limewatangulia Waingereza. Polepole! Nani kasema Guoloph ndiyo Wallop? “Majina yanafanana.” Kumbe kufanana kunathibitisha mahali, kisha mahali panathibitisha asili ya jina! Hoja hiyo inajishika mkia. Na hata mahali pakiwa ndipo, mwandishi wa Wales aliandika gu palipo na sauti ya w; angeweza kulisikia jina la Kiingereza akaliandika kwa desturi yake. Hiyo gu inatuonyesha mkono wa karani tu.

Over na Nether ni juu na chini ya bonde, basi.

Anayeshikilia chemchemi na aje na maandiko ya zamani ya jina hilo yenye irabu ya wielle, ayapange kwa miaka, aseme kila andiko liliandikwa na karani wa wapi.