Kabla Hujaishutumu Kadi ya Grafiki

Asalaam aleikum. Wazee wangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliojaa hapa mbele, ahsanteni kwa kuja.

Kilichonileta ni pesa za watu. Hapa Lamu, kompyuta ya mtu ikianza kutoa mistari kwenye kioo, huambiwa siku ile ile: kadi ya grafiki, kile kipande cha ndani kinachotengeneza picha, imekufa, agiza nyingine Mombasa. Anatuma pesa. Kadi inakuja kwa basi mpaka Mokowe, inavushwa kwa mashua, inafungwa, na mistari iko pale pale. Kumbe ni waya. Jambo hili linaniuma, maana bei ya kadi moja yaweza kuwa karo ya mtoto.

Basi tuanze na macho. Washa mashine, uyatazame maandishi yanayotangulia kabla Windows haijaingia. Ukiona herufi zimevurugika au viraba vya rangi vimetapakaa hapo hapo, draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, haina kosa, kwa sababu bado haijapakiwa. Mshuku kioo, waya, au kadi yenyewe, hasa chipu zake za kumbukumbu. Mwanzo ukiwa safi, na mambo yakaharibika baada ya kucheza gemu kwa muda, fikiria joto au umeme. Na kama kwenye hali salama ya Windows (Safe Mode), isiyotumia draiva hiyo, kila kitu ni shwari, lakini ukifungua kawaida inavurugika, iondoe draiva yote, kisha uiweke upya kutoka kwa mwenye chipu: NVIDIA, AMD au Intel.

Kuna kipimo nakipenda kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Mistari ikitokea, piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, uihifadhi, uitume kwenye simu yako. Simu nayo ikionyesha mistari, kasoro iliingia picha ilipokuwa ikitengenezwa: kadi au draiva. Simu ikionyesha picha safi, mara nyingi uharibifu uko njiani: tundu la kadi, waya au kioo. Badilisha waya kwanza. Halafu jaribu kioo kingine. Televisheni ya sebuleni yenye tundu la HDMI inatosha. Lakini kimoja kimoja, tafadhali. Ukibadilisha viwili kwa mpigo na mistari ikatoweka, hutajua mkosaji ni yupi.

Sasa nije kwenye jambo letu sisi watu wa pwani, ambalo mafundi wa bara hawalitaji. Chumvi. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi, na feni huzivuta ndani pamoja na vumbi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chembe hiyo hunyonya maji mpaka ikayeyuka, na maji ya chumvi hupitisha umeme na kula madini. Zima mashine, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha itoe kadi uitazame mwangani. Tazama ule ukingo wenye meno ya rangi ya dhahabu. Jino zima hung'aa sawasawa. Lililoathirika lina doa jeusi, au ukungu wa kijani pale dhahabu ilipochubuka na shaba ikabaki wazi. Lifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti safi ya aisopropili, liache likauke, rudisha kadi mpaka usikie kile kishikizo kikilia. Msiende dukani kabla ya kufanya hivi.

Joto ni rahisi kulijua. Weka programu ya kupima, endesha gemu, usome namba. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujipunguza kasi zikifika karibu nyuzi 83 za Selsiasi. Tazama feni zinazunguka zote; toa vumbi; pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kuipoza, ikiwa imekauka ibadilishwe.

Umeme nao huonewa kwa kusahauliwa. Nafasi ya kadi kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, ikichoka huiangusha mashine pale gemu inapokolea, na kadi ndiyo inayolaumiwa. Laini yake ya volti 12 isomeke kati ya 11.4 na 12.6, mashine ikiwa kazini.

Kipimo cha kukata shauri ni kuifunga kadi kwenye mashine ya mwenzako iliyo nzima. Kasoro ikiifuata kadi, ni kadi.

Na hapo msinipelekee kadi jikoni kuioka. Mnasikia kwamba inafufuka. Ikifufuka, kwa kawaida ni kwa muda mfupi, na moshi wa plastiki unabaki kwenye oveni ya chakula cha watoto. Ufa unaoiua kadi mara nyingi uko ndani ya chipu, unatokana na kupashwa na kupoa kila siku. Mwaka 2008 NVIDIA wenyewe walitenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zenye udhaifu wa namna hiyo.

Kadi ikiwa imekufa kweli, chomeka waya wa kioo kwenye tundu la madabodi, uendelee na kazi zako za kawaida kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta. Ila prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F hazina grafiki hiyo ya ndani. Na ukipata kadi ya mtumba, muuzaji aiwashe mbele yako, gemu ikimbie nusu saa, ndipo utoe pesa.